Mjadala: Kila aliyenusurika shambulio la moyo apigwe MRI kabla ya kuruhusiwa?

Mleta mada
Wapo wanaotaka kila aliyepata shambulio la moyo apigwe MRI ya moyo (picha ya mashine ya sumaku) kabla hajarudi nyumbani, ili ijulikane mapema kama moyo wake utatanuka. Mimi napinga.

Tuelewane kwanza kinachotabiriwa. Sehemu ya msuli ikifa, panabaki kovu, na msuli ulio hai unabeba kazi yote. Kwa baadhi ya watu chemba ya kushoto hutanuka polepole kwa miezi, ukuta unapungua unene, mwishowe moyo unashindwa kusukuma damu. Watafiti wengi huhesabu kwamba hali hiyo imetokea pale ujazo wa chemba iliyojaa damu unapoongezeka kwa asilimia 20 au zaidi.

Sasa ukishajua, utafanya nini ambacho hukuwa unafanya? Utafiti wa SAVE wa 1992 ulionyesha kaptoprili, dawa ya presha na moyo, inapunguza vifo kwa waliobaki na EF (asilimia ya damu inayosukumwa kila pigo) ya 40 au chini. Hakuna aliyehitaji picha ya kovu kuwachagua wale. Mwaka 2021, utafiti wa PARADISE-MI ukawapa wagonjwa walio hatarini dawa mpya zaidi, sakubitrili na valsatani kwa pamoja, jumla ya washiriki 5,661, na dawa hiyo haikuthibitika kuishinda ramiprili ya siku zote, ndugu ya kaptoprili. Tunazidi kuwa hodari wa kutabiri, tiba ni zilezile.

Daktari
Mkuu, hapo umeruka jambo. Eko (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti) ya siku ya pili inaweza kukudanganya vibaya. Kuna msuli uliokufa na kuna msuli uliozimia tu. Wote wawili hausogei, lakini wa pili utaamka baada ya siku au wiki kadhaa. Eko ya kawaida inaona mwendo wa ukuta. MRI yenye gadoliniamu, dawa ya kudungwa ili picha ionekane vizuri, inaonyesha kovu lenyewe na limekula kiasi gani cha unene wa ukuta. Tangu 2000 imechapishwa kwamba pale kovu linapopita robo tatu ya unene, kuzibua mshipa hakurudishi karibu chochote.

Halafu kwenye picha ya MRI kuna lile doa jeusi katikati ya kovu jeupe. Mshipa mkubwa umefunguliwa kwa stenti (kibomba cha wavu), kila mtu kapumua, kumbe mishipa midogo ndani ya msuli imebaki imeziba. Wagonjwa hao mioyo yao hutanuka zaidi, na eko ya kawaida haitakuambia.

Mleta mada
Na uvimbe je, daktari? Siku za mwanzo msuli umejaa maji, MRI nayo inaonyesha kovu kubwa kuliko litakalobaki. Unampiga picha moyo unaobadilika kila wiki, kisha unaapa kwa picha hiyo.

Muuguzi wa wodi ya moyo
Samahanini, ninyi mnagombania mashine. Mimi naona tatizo ni eko ya pili. Mtu anaruhusiwa na karatasi iliyoandikwa EF 30, hakuna tarehe ya kurudi kupimwa. Wakati kifaa cha kushtua moyo kinachopandikizwa kifuani kinangojewa angalau siku 40 baada ya shambulio, na kuna sababu: utafiti wa DINAMIT wa 2004 ulionyesha kukiweka mapema hakupunguzi jumla ya vifo. Uamuzi mzima unategemea kipimo cha baadaye, na hicho ndicho kinachosahaulika.

Mwana wa mgonjwa
Mimi si mtaalamu. Lakini hii hoja ya "utafanya nini ukijua" inanikera kidogo. Mzazi wangu angependa kujua hata kama vidonge havibadiliki. Kuna kazi za kupanga, kuna safari, kuna watoto wa kuambiwa.

Mleta mada
Ndugu, haki hiyo siipingi. Napinga kuifanya lazima kwa wote. Tazama utafiti wa REDUCE-AMI wa 2024, watu wapatao 5,000 waliokuwa na EF ya 50 au zaidi: betabloka, dawa ya kutuliza mapigo ya moyo, haikuwapunguzia vifo wala shambulio jingine. Hapo picha imebadilisha mjadala wa tiba kweli, na ilikuwa eko tu.

Daktari
Wote sikuwasema. Nasema shambulio kubwa la ukuta wa mbele, mshipa uliochelewa kufunguliwa, eko isiyosomeka, au shaka ya bonge la damu kwenye ncha ya moyo. Mwenye figo dhaifu sana tunaangalia kwanza aina ya gadoliniamu, maana zile za zamani zilihusishwa na ugonjwa wa kukakamaa ngozi.

Na hiyo PARADISE-MI unayoipenda, washiriki walichaguliwa kwa EF, dalili za maji mapafuni na vigezo vingine vya hatari, si kwa doa jeusi. Huenda waliofaidika wamefunikwa na wengine.

Mleta mada
Basi wachaguliwe kwa doa hilo. Nusu tiba yao iongozwe na MRI, nusu iongozwe na eko mbili, ya wodini na ya baada ya wiki sita. Tuhesabu vifo na kulazwa tena, si mililita za chemba. Matokeo yakiwa upande wako, nitakuwa wa kwanza kupanga foleni.

Muuguzi wa wodi ya moyo
Hiyo eko ya wiki sita, nani atampigia mgonjwa simu?