Naombeni msaada: ripoti ya lindo kwa Kiingereza, mambo yaliyopita yananichanganya

Lindo la Usiku

Wakuu habari za humu. Naomba msaada kwa wanaoujua ung'eng'e vizuri, na kejeli tuziweke kando kwa leo maana humu nawafahamu.

Mimi ni mlinzi, lindo langu lipo Upanga, jengo la ghorofa la kupangisha. Siku zote OB (kitabu cha matukio ya lindo) tulikuwa tunaandika kwa Kiswahili na hakuna aliyelalamika. Mwaka huu kaja meneja mpya wa jengo, Kiswahili chake kinaishia kwenye "mambo" na "poa", na ametaka ripoti zote za matukio ziwe za Kiingereza. Kidato cha nne nimemaliza, nikisoma naelewa. Kazi ipo kwenye kuandika jambo lililokwishapita. Wiki hii kuna jamaa kaingia ndani ya fensi, nikaandika hivi:

"At 2:40 a.m. I hear noise behind the generator. I was go to check. I found one man, he jump the wall and run. I didn't saw his face. I call supervisor and he come at 3:00. I check the gate and the cars."

Karatasi imerudi imejaa wino mwekundu, na pembeni kaandika swali: "Does he jump every night?" Nikamjibu "No sir, only one time." Akacheka sana, na mpaka sasa sijajua kilichomchekesha.

Supavaiza anasema niweke "was" kila mahali nitakuwa salama. Mwenzangu wa zamu anasema niweke "ed" kila mahali. Nimshike yupi? Darasa la jioni siwezi, saa hiyo ndiyo napokea lindo.

Chuma cha Mabibo

Wote wawili wanakupoteza, ila wa "ed" anakupoteza kwa nafuu. Navuta kiti nasubiri wataalamu.

Mama Kepteni

Pole kaka. Mimi nilikaa mapokezi hotelini miaka mingi, nakwambia hakuna njia ya mkato. Nyuma ya kamusi kuna jedwali la vitenzi lenye safu tatu: go, went, gone. Wewe shika safu ya pili tu. Kariri hivyo vya kwenye jedwali, vingine vyote weka "ed" umemaliza.

Ticha wa Kimara

Mama Kepteni nakuunga mkono nusu. Jedwali hilo huwa na vitenzi kama 200, na vingi mlinzi hatavigusa mpaka anastaafu. Nitarudi huko. Kwanza tuangalie kwa nini mleta uzi anakosea, maana makosa yake yana mpangilio kabisa. Anaandika Kiswahili safi kwa maneno ya Kiingereza.

Mkuu, ripoti yako kwa Kiswahili ungeiandika hivi: "Nilisikia kelele nyuma ya jenereta, nikaenda kuangalia, nikamkuta mtu, akaruka ukuta akakimbia, nikampigia supavaiza, akaja." Hesabu hiyo "-li-". Ipo moja, pale mwanzo. Baada ya hapo "-ka-" imefanya kazi yote na hakuna msomaji atakayepotea. Kiingereza hakina "-ka-". Kila kitenzi kinajibebea wakati wake chenyewe, hata viwe ishirini vimefuatana: heard, went, found, jumped, ran, called, came. Ukishaandika "I heard" usipumzike.

Ukipumzika ndiyo unapata swali la meneja. "He jumps the wall" maana yake "huruka ukuta", yaani ndiyo desturi yake. Alikuwa anakutania kwamba umemwandikia mwizi mwenye ratiba.

Ila sentensi ambayo mimi ningeiwahi kabla ya zote ni ile ya mwisho: "I check the gate and the cars." Hiyo inaeleza majukumu yako. Haisemi kwamba usiku ule ulikagua. Asubuhi mpangaji akikuta gari lake halina vioo vya pembeni na watu wa bima wakaomba OB, "checked" ndiyo itakayokutetea, na hiyo "ed" ndiyo yenye uzito wote.

Sasa "didn't saw". Hapa Kiswahili chako kitakusaidia. "Nilienda" ukiikanusha unasema "sikuenda". Hakuna anayesema "sikulienda", kwa sababu "-ku-" imeshabeba wakati uliopita na "-li-" imeondoka. "Did" nayo ni hivyohivyo: ikiingia inachukua wakati, na kitenzi kinarudi kama kilivyozaliwa. I saw, lakini I did not see. He came, lakini he did not come. Na maswali yapo hivyo: "Did you see him?", "What time did he leave?" Ukimsimamisha dereva getini usimwambie "You came when?", mwambie "When did you come?"

"Was" ya supavaiza inatokana na "nilikuwa". "Nilikuwa naenda" ni "I was going". Ukitaka "nilienda" basi, "was" haina kazi pale. Iweke kwenye hali ya mtu au kitu: I was at the gate. The lights were off. Mmoja ni "was", wengi ni "were", na "you" inachukua "were" hata ukiongea na mtu mmoja.

Dogo wa Tandale

Shikamoo ticha. Mbona nimeona "The gate was locked"? Hapo "was" na "ed" zimekaa pamoja na watu wanaandika kila siku.

Ticha wa Kimara

Marahaba. Ile ni "geti lilikuwa limefungwa". Geti halikujifunga, kuna aliyelifunga na hatujamtaja. "I locked the gate" ni "nilifunga geti". Kwa mlinzi tofauti hiyo ni kubwa: moja inaonyesha nani alifanya, nyingine inaonyesha ulilikutaje. Kwenye makabidhiano ya zamu msichanganye hizo mbili kabisa.

Chuma cha Mabibo

Ticha na "I was sleeping" ni sahihi?

Ticha wa Kimara

Kisarufi haina tatizo lolote. Asiiandike.

Mzawa wa Ilala

Mimi napinga kidogo. Tulifundishwa "ameruka" ni "has jumped". Sasa mwizi ameruka ukuta, kwa nini asiandike "He has jumped the wall"? Naona mnamrahisishia mpaka mnampoteza.

Ticha wa Kimara

Swali zuri, na ndipo wengi wetu tunapokwama. Sisi Dar hapa tunasema "nimefika jana" bila wasiwasi wowote. Kiingereza kinakataa. Ukishataja lini, yaani "yesterday", "last week", "at 2:40", "in 2019", "three days ago", milango ya "have" imefungwa, unabaki na "I arrived yesterday". Ripoti ya lindo inaanza na saa kila mstari, kwa hiyo "have" ataihitaji mara chache sana. Mfano supavaiza anapiga redio muda huu anauliza wapangaji wa ghorofa ya tatu wako wapi: "They have left." Akiuliza "saa ngapi?" unarudi kulekule: "They left at nine."

Mama Kepteni

Hapo mtasikia Wamarekani wanasema "I already ate" na Waingereza wanasema "I've already eaten". Wageni walikuwa wananichanganya kweli hao. Lakini wakitaja jana, wote ni "I ate yesterday".

Baharia wa Kigamboni

Mmeongelea kuandika tu. Huyu ndugu ana redio mkononi, na kule inatakiwa kutamka. "Checked" isomwe "chekt", siyo "chekedi". "Called" ni "kold", "jumped" ni "jampt". Maneno yetu ya Kiswahili karibu yote yanaishia na irabu, ndiyo maana ulimi unatafuta pa kutua na unaongeza silabi ambayo haipo. Ile "id" ya kutamkwa kabisa inakuja kitenzi kikiwa kinaishia na sauti ya "t" au "d": wanted, reported, waited, needed. Kwingine usiiguse.

Lindo la Usiku

Aisee wakuu nashukuru sana. Hiyo ya "-ka-" imeniingia moja kwa moja, mbona shuleni hatukuelezwa hivyo? Ticha uliahidi kurudi kwenye jedwali.

Ticha wa Kimara

Narudi. Usianze na herufi A. Anza na vitenzi vya lindo lako. See saw, hear heard, find found, come came, go went, leave left, tell told, say said, give gave, take took, run ran, break broke, steal stole, write wrote, drive drove. Hivyo vinamaliza sehemu kubwa ya ripoti zako. Ongeza kundi lenye mlio wa "ot" mwishoni: bring brought, buy bought, catch caught, think thought. Tahajia zake zina vituko, lakini mdomoni zinafanana. Halafu kuna vivivu ambavyo havibadiliki: put, cut, shut, hit, hurt, let. "I shut the gate" inaweza kuwa leo au jana, saa uliyoandika pembeni ndiyo itakayoeleza. "Read" naye maandishi habadilishi ila ukisoma cha jana unatamka "red".

Na kwa sababu utaniuliza "went" imetokea wapi: ilikuwa ya kitenzi kingine cha zamani, "wend", Waingereza wakaichukua wakaipa "go". Kwa hiyo usitafute mantiki, mezea tu.

Vya "ed" navyo vina mitego ya tahajia. Stop inakuwa stopped, p mbili. Try inakuwa tried. Carry, carried. Lakini play ni played, "y" haiguswi ikitanguliwa na irabu.

Kuhusu pa kujifunzia, upo Upanga, Maktaba Kuu ya Taifa pale Bibi Titi Mohamed ni karibu na wewe. Siku ya mapumziko ingia usome magazeti ya Kiingereza, Daily News au The Citizen, habari za polisi na mahakama. Zile ndizo ndugu wa ripoti yako: nani alifanya nini, wapi, saa ngapi. Ila soma habari yenyewe, kichwa cha habari usikiige. Magazeti ya Kiingereza kichwani huandika "Police arrest three" hata kama tukio ni la juzi, chini ndiyo unakuta "Police arrested three people". Kwa wewe unayepambana na hili hili, kichwa cha habari ni sumu.

Mama Kepteni

Na kwenye simu afungue BBC Learning English, ni bure na sarufi ipo. Asubiri tu bando la usiku.

Lindo la Usiku

Wakuu nimerudi kutoka zamu. Nimeandika hii ya jana, kabla sijaipeleka naomba muipitie:

"Yesterday night at 5:15 one car came to the gate without lights. I stopped it. The driver told me he brought food for the tenant on the third floor. I called the tenant. She did not know him. He turned and left. I wrote the number of the car."

Chuma cha Mabibo

Ona mwanaume! "She did not know." Hakuna "did not knew" tena.

Ticha wa Kimara

Vitenzi safi, sina wino wa kukuwekea. Mtaalamu mkali angetaka "had brought" kwa sababu chakula kilikuja kabla ya maelezo, lakini hiyo iache mpaka hizi zikae. Ninazo mbili ndogo. Kwanza sema "last night", "yesterday night" wenyewe hawasemi. Pili, 5:15 hiyo ni saa ngapi? Gari lilikuja saa kumi na moja alfajiri?

Lindo la Usiku

Hapana, saa tano na robo usiku. Ya mwizi niliangalia kwenye simu, hii nimeandika saa ya kichwani.

Ticha wa Kimara

Basi ni 11:15 p.m. Ukiiacha vile meneja ataifungua kamera ya 5:15, hatakuta gari wala dereva, na utaonekana umetunga. Andika zote kwa saa ya simu.

Baharia wa Kigamboni

Na tarehe je? Hapo ndipo wengi wanaanguka.

Lindo la Usiku

Kweli. Mwizi alikuja usiku wa kuamkia Jumatano. Mimi nimeandika Tuesday kwa sababu zamu niliingia Jumanne.

Ticha wa Kimara

Saa nane na dakika arobaini usiku Waingereza wameshahesabu siku mpya. Andika "On Wednesday at 2:40 a.m." Hii ya gari ni kabla ya saa sita usiku, kwa hiyo inabaki na tarehe ya jana.

Lindo la Usiku

Nimekupata mwalimu. Narekebisha zote mbili sasa hivi, gari la meneja ndiyo linaingia getini.