Nasoma makala ya Kiingereza mara tatu, nikiandika naambiwa sina hoja. Nifanyeje?

Mwaka wa Kwanza

Habari zenu wakuu,

Nasoma sosholojia. Kiingereza nilikifaulu vizuri shuleni, ndiyo maana sikutarajia kukwama hapa. Makala ya kurasa 20 inanimalizia usiku mzima. Kamusi iko wazi muda wote, napigia mstari karibu kila sentensi, na nikifunika ukurasa siwezi kusema mwandishi alikuwa anataka nini.

Insha ya juzi niliihangaikia wiki mbili. Imerudi na maandishi pembeni: "Umeeleza waliyosema wengine. Wewe unasema nini?" Kwenye aya mbili mhadhiri ameandika kwamba maneno yanafanana mno na ya chanzo, ingawa chanzo nilikitaja. Hilo limeniuma zaidi. Sikuwa na nia ya kuiba, nilikuwa nabadilisha neno moja moja kwa kuogopa kukosea sarufi.

Nisome vipi ili nielewe? Na mimi ni nani hata nimpinge mtu mwenye shahada ya uzamivu, tena kwa lugha isiyo yangu?

Mlinda Rafu

Pole sana mdogo wangu. Nianze na hilo lililokuuma. Kubadilisha neno hapa na pale huku mifupa ya sentensi ikibaki ya mwenyewe ni kushona viraka. Mtafiti wa uandishi Rebecca Moore Howard aliandika juu ya jambo hili miaka ya 1990, akitetea kwamba mara nyingi ni hatua anayopitia mtu anapojifunza lugha ya fani mpya, si udanganyifu. Lakini usijifiche humo, kwa sababu vyuo vingi bado vinaweza kukuadhibu, hata kama chanzo umekitaja.

Dawa yake ni kufunga makala. Soma aya, ifunge, kisha ieleze kwa sauti kwa Kiswahili kana kwamba unamweleza mdogo wako. Ukishindwa, hujaielewa, rudi. Ukiweza, andika kwa Kiingereza chako chepesi bila kuchungulia. Ndipo ufungue kuhakikisha hujapotosha maana, na utaje chanzo.

Kalamu ya Risasi

Kosa ni kusoma makala kama hadithi, kutoka neno la kwanza hadi la mwisho. Anza na ikisiri, yaani muhtasari mfupi ulio mwanzoni mwa makala, nenda mwisho wa utangulizi ambako mara nyingi mwandishi anatangaza anachodai, kisha hitimisho. Hapo simama uandike sentensi moja tu: huyu anadai nini? Ukirudi katikati, unarudi na swali mkononi: amethibitishaje?

Kuhusu kamusi, neno usilolijua liruke, ila likijirudia mara tatu litafute. Averil Coxhead alitoa mwaka 2000 orodha ya familia 570 za maneno (neno pamoja na maumbo yake) yanayojitokeza sana katika maandishi ya kitaaluma ya fani mbalimbali, kama "assume", "derive" na "whereas". Hayo ukiyashika yatakufaa kila somo. Istilahi za sosholojia ni suala jingine, utazizoea darasani.

Binti Hoja

Naomba nipingane kidogo na Mlinda Rafu. Mimi nilikuwa naandaa kila kitu kwa Kiswahili na Kiingereza changu kikawa tafsiri sisisi, sentensi ndefu zisizo na pumzi. Ilinichukua mwaka mzima kuiacha tabia hiyo.

Mlinda Rafu

Dada, nakubali hatari hiyo ipo. Ninachosema ni kufikiri hoja kwa Kiswahili, si kutunga sentensi kwa Kiswahili. Maelezo ya sauti yanapotea hewani, hayabaki mezani yakisubiri kutafsiriwa.

Binti Hoja

Sawa, hapo tumeelewana. Sasa mleta mada, swali lako la "mimi ni nani" ndilo kubwa kuliko yote, na limejengwa juu ya dhana kwamba kuhakiki ni kumpinga mtu. Sivyo. Stephen Toulmin, mwanafalsafa, alionyesha mwaka 1958 kwamba kati ya dai na ushahidi kuna daraja, yaani sababu inayoturuhusu kutoka hiki kwenda kile. Mara nyingi daraja hilo halisemwi. Kazi yako ni kulikagua.

Chukulia mwandishi anadai kusoma kwa vikundi kunainua alama, na ushahidi wake ni kwamba waliojiunga na vikundi kwa hiari walipata alama za juu. Takwimu zinaweza kuwa sahihi kabisa. Lakini je, kikundi ndicho kilichowainua, au wenye bidii ndio wanaopenda kujiunga? Kuuliza hivyo hakuhitaji shahada ya uzamivu.

Angalia pia vitenzi. Mwandishi akisema "suggests" (inaashiria), usiende kuandika "proves" (inathibitisha). Umemsingizia.

Mwaka wa Kwanza

Asanteni sana, sikuwahi kuambiwa kwamba swali kama hilo ni hoja. Nilidhani hoja ni lazima niwe na utafiti wangu. Nimejaribu kwa mfano huo huo: "Wanavikundi walipata alama za juu, lakini kwa kuwa walijiunga kwa hiari, matokeo haya hayatoshi kuonyesha kwamba kikundi ndicho chanzo." Kwa Kiingereza imetoka sentensi fupi kuliko zote nilizowahi kuandika. Naogopa itaonekana ya kitoto.

Kalamu ya Risasi

Iache hivyo hivyo fupi. Ila isogeze juu iwe mwanzo wa aya, halafu maelezo ya mwandishi yafuate chini yake. Insha yako ya juzi ifungue, bila shaka kuna sentensi kama hii umeifukia mwisho wa aya fulani.

Mwaka wa Kwanza

Nimeifungua. Ipo, ukurasa wa 4, mstari wa mwisho kabisa. Naanza kuiandika upya kutoka hapo.