Mjadala: Tennessee ifute kodi ya chakula, au tuvumilie kwa kuwa haikati kodi ya mshahara?

Mleta mada (Nashville): Wakuu, mtu akitoka Dar au Nairobi, VAT amezoea kuikuta ndani ya bei ya rafuni. Huku Marekani bei ya rafuni si yenyewe, unaongezewa kodi ya mauzo kaunta. Jimbo linatoza asilimia 7, mitaa hadi 2.75, na hapa Nashville tunalipa zote, 9.75. Kwenye chakula jimbo limeshusha hadi 4 lakini mji haukushusha chake, kwa hiyo unga na maziwa ni 6.75. Vyakula vya dola 100 unalipa 106.75. Ifutwe! Mwaka 2023 waliisimamisha kuanzia Agosti hadi Oktoba na mambo yakaenda.

Clarksville: Mimi niko mpakani, navuka zangu Kentucky. Huko chakula hakina kodi. Kisheria Tennessee inataka nikirudi nijitaje, nilipe kodi ya vile nilivyonunua nje. Haya, nani kati yenu ameshawahi kujitaja kwa sababu ya viazi?

Memphis: Mnasahau mshahara. Nimekaa Minnesota, chakula na nguo havina kodi ya mauzo, ila kila ukilipwa jimbo limeshakata chake. Hapa halikati. Mkifuta hii, pengo litazibwa na nini? Wakipandisha kodi ya majengo, mwenye nyumba anakupandishia pango.

Dada wa Antioch: Kaka, hiyo ni hesabu ya mwenye mshahara mnene. Anayetandika vitanda hotelini, pesa yake yote inaishia kwenye pango na chakula. Mwenye kadi ya SNAP, ule msaada wa chakula wa serikali, akinunua nayo hatozwi kodi ya mauzo, sheria ya shirikisho imekataza. Anayeumia ni yule aliyezidi kiwango kidogo tu, akanyimwa kadi. Tena huyo ndiye anatoka kazini usiku hana nguvu ya kupika. Kuku mbichi ni 6.75, lakini akichukua aliyeokwa, wa moto, kwenye duka lilelile, ni 9.75. Anatozwa kwa uchovu wake.

Memphis: Kwa kuku umenishika, dada. Kwa pango bado sijajibiwa.

Clarksville: Mleta mada, ile nyongeza ya nusu asilimia kwenye kodi ya mauzo kwa ajili ya mabasi, mliyopigia kura Nashville Novemba 2024, ikaanza Februari 2025, wewe ulipiga nini?

Mleta mada: Ndiyo, na sijutii. Basi nalipanda.

Clarksville: Basi chakula umekipandisha mwenyewe! Nusu hiyo imo kwenye 6.75 unayolia nayo.

Mleta mada: Karatasi ya kura haikuniuliza "mabasi bila unga". Wangeuliza, ningejibu.

Houston: Ndugu zangu, Texas nayo haikati mshahara, chakula cha kupika nyumbani hakitozwi, na tangu Septemba 2023 hata nepi zimetolewa. Inawezekana. Ila Memphis ana hoja: muulizeni mtu wa huku mwenye nyumba bili yake ya kodi ya majengo inasomaje.