Tupeane uzoefu: jeshi lako la kwanza la visanamu ulilimalizaje?

MifupaMitupu (Nottingham)

Wakuu heshima kwenu. Juzi saa nane usiku nimepaka vanishi kisanamu cha mwisho cha jeshi langu la Tomb Kings, wale wafalme wa mifupa wa Warhammer, mchezo wa vita wa mezani unaochezwa kwa visanamu, nikazima taa nikawasha tena nikakaa kuliangalia tu, mke wangu kalala, nyumba kimya. Miaka minne wakuu. Sina mtu wa kumweleza kwa Kiswahili akanielewa ndo maana nafungua huu uzi, tupeane uzoefu wa jeshi la kwanza, uliligusaje, lilikukwamisha wapi, ulilimaliza au lipo uvunguni mpaka leo.

Naanza mimi. Nafanya shifti ya usiku ghalani hapa Nottingham, na huu mji ndo makao makuu ya Games Workshop, wenyewe wanaotengeneza Warhammer, kampuni ilianzia London 1975 na Warhammer yenyewe ikatoka 1983. Nilikuwa napita na basi mbele ya jengo lao, mtaa wa Lenton, karibu mwaka mzima bila kujua mle ndani kuna nini, naona tu watu wazima wanashuka na masanduku wameyashika kwa mikono miwili kama wamebeba mayai. Siku moja mvua ikanikuta pale pale nikaingia. Jamani. Meza kubwa zina milima na magofu, mtu kapanga askari mistari kwa mistari, warefu kama nusu ya kidole gumba hivi, anapima mwendo kwa tepu ya inchi, anarusha dadu kiganja kizima kwa mkupuo, halafu kila kisanamu kina macho, kina mkanda, kina kutu kwenye ngao. Nilisimama mpaka nguo zikaanza kukauka mwilini.

Hiyo ilikuwa 2021, na ule mchezo wa zamani wa mistari walishausitisha tangu 2015, ikaja Age of Sigmar isiyo na mistari, yenye vitako vya duara, yaani vile vibao kisanamu kinaposimama. Mimi moyo ulishaenda kwenye mistari. Nikapata kwa mtu sanduku la mitumba pauni 60, mifupa tisini na kitu, magari ya farasi sita, na wafalme wawili wa madini. Shida, mwenyewe alikuwa kapaka rangi nzito mpaka mbavu hazionekani. Mimi kwa akili ya gereji nikachukua tina nikaloweka wapiga mishale watano, baada ya nusu saa nakuta uji. Plastiki na tina haviivani kabisa, tafadhali msirudie hilo. Fundi mmoja pale mezani akanielekeza isopropili, ile spiriti ya dukani, loweka usiku kucha halafu sugua na mswaki wa zamani, rangi inatoka kama ganda la kitunguu na plastiki inabaki nzima.

Kosa lililonila muda zaidi ni kutaka kupaka wote tisini kwa pamoja. Niliwagundisha kwenye mbao ndefu, leo meno tu, kesho mikuki tu, unapaka wiki tatu na ukiangalia hakuna hata mmoja aliyekwisha. Nikawaacha miezi saba, vumbi likawakaa. Aliyenitoa pale ni mke wangu, alisema tu wewe mbona shambani kwenu ulikuwa unalima tuta kwa tuta. Basi nikashika kumi. Praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikia zingine, ya rangi ya mfupa, juu yake wino mwepesi wa kahawia unaozama kwenye mbavu na macho, ukikauka unapita na brashi kavu yenye rangi nyeupe kidogo sana, yaani unaifuta kwanza kwenye karatasi mpaka unadhani imeisha, ndo unagusa sehemu zilizoinuka. Ngao bluu, mikanda dhahabu, basi. Kumi kwa jioni nne. Ukiweka kumi waliokwisha kwenye kabati unawaona kila asubuhi na mkono wenyewe unataka kumi wengine.

Halafu Januari 2024 ikatoka The Old World, yaani ule mchezo wa mistari umerudi, na majeshi mawili ya kwanza kurudishwa yakawa Bretonnia na hawa hawa wa kwangu! Furaha niliyokuwa nayo siwezi kuielezea. Ila vitako vimekuwa milimita 25 na vyangu vya zamani ni 20, mstari wa watu kumi unatoka sentimita 20 mpaka 25. Sikuvunja mtu kitako, nilikata trei za mbao nyembamba zenye nafasi katikati, nikatia sumaku chini, kazi ikaisha.

Mechi ya kwanza na jeshi lililopakwa nilipigwa. Nilisahau ubavu wa kushoto, mashujaa wa farasi wa Bretonnia wanajipanga kama ncha ya mkuki, wakaingia ubavuni. Na mifupa haikimbii kama watu, ikishindwa pambano inaporomoka palepale, nikawa natoa kumi kumi mezani, wale wale niliowapaka jioni nne. Lakini yule jamaa kila nikitoa askari alikuwa ananisaidia kuwasimamisha pembeni kwa adabu, akaniuliza ile bluu niliichanganyaje. Sijawahi kufurahia kufungwa kama siku ile.

Haya, nani anafuata.

Piko_na_Brashi

Kaka hongera sana, na salamu kwa wifi yetu, kanena. Mimi ni Mzanzibari nipo Leicester, na mimi ndo hao Bretonnia waliokuvunja haha, si mimi lakini jeshi ndo hilo.

Kwangu ilianza na mzee jirani, Mwingereza, mkewe alifariki, mie nikawa nampelekea chakula Ijumaa. Sebuleni kwake ana kabati la visanamu vya madini vya miaka ya themanini, mbilikimo wenye ndevu. Siku moja alikuwa anajaribu kuchora jicho na mkono unamtetemeka, nikamwambia nipe mie. Mimi nimekua napaka piko na hina maharusi mtaa wa Ng'ambo kule Unguja tangu nina miaka kumi na tatu, mkono wangu umezoea mstari mwembamba kwenye ngozi inayocheka na kutikisika, sasa kisanamu kisichotikisika kitanishinda? Nilichora lile jicho, yule mzee akalitia kwenye kioo chake cha kukuzia, akakaa kimya, halafu akaniletea boksi zima la farasi akasema hili ni lako.

Uzuri wa Bretonnia kila shujaa ana nembo yake na nguo ya farasi wake, hakuna wawili sawa. Nikaona hii ni kanga! Nguo ya farasi ina pindo pembeni na mji katikati. Basi nimewapaka wote hivyo, mmoja ana pindo la misumeno, mmoja korosho, mmoja maua ya kisutu mekundu na meusi, na bendera ya kikosi ndo nimeandikia jina la kanga, herufi za brashi ya sifuri, "Subira yavuta heri". Farasi kumi na nane, mwaka mmoja na nusu, ila nafanya baada ya watoto kulala tu. Mzee yule ameviona vyote vikiisha, Alhamdulillah.

Jambo moja la muhimu kwa wenye watoto: vile vya madini vya zamani vingi vina risasi, yale madini ya risasi. Usivipige tupa wala msasa ndani ya nyumba, nawa mikono kabla ya kula, na mtoto mdogo asitie mdomoni. Mie vya mzee navishika vilivyopakwa tu.

Bandari_28mm

Shukran kwa uzi, mimi niko Mombasa na story yangu ni ya hewa. Nyinyi wa Ulaya mnasema puliza praima umalize, hapa kwetu nilipuliza kikosi cha orki, yale majitu ya hadithi, ishirini nje kwenye baraza wakati wa masika, hewa imejaa maji, rangi ikakauka ikiwa kama imenyunyiziwa unga, chembechembe, sura zote zimepotea. Nililia kwa ndani kwa sababu hivyo viboksi vilikuja na ndugu kutoka ng'ambo, havipatikani duka la pembeni. Tangu hapo napaka praima ya brashi, mara mbili nyepesi, polepole, na kama lazima upulize basi ngoja siku kavu ya kaskazi na ulitingishe kopo dakika mbili kamili.

Na vilima je, nilichonga kwa lile povu jeupe linalokuja na boksi la tivii, nikapuliza spreyi juu, povu likaliwa likabaki mashimo. Kumbe lazima kwanza ulifunike na gundi nyeupe ya seremala ukichanganya na rangi ya maji na mchanga kidogo, ikauke, ndio rangi nyingine ifuate. Sasa nina mji mzima wa mezani. Vitako vyangu natia mchanga wa Nyali, nauosha maji baridi mara tatu kutoa chumvi, na nyasi ndefu nakata nyuzi za makumbi ya nazi napaka kijani kibichi. Hakuna duka lolote duniani lina nyasi nzuri kama makumbi, nasema kweli.

Tunacheza watu wanne, sheria za One Page Rules kwa sababu ni za bure na hazijali kisanamu umenunua kwa nani. Jeshi sijalimaliza, nimefika thelathini na nane kati ya sitini.

Goblini wa Rongai

Niaje wasee. Mimi nilinunua printa ya resini, ile inaunda visanamu kwa plastiki ya majimaji, na beshte yangu, tukagawana bei, nikaprint goblini, vile vijitu vya hadithi, mia moja na ishirini kwa mwezi mmoja, na hapo ndio shida. Kuprint ni rahisi, kupaka ndio kazi, nikawa na mlima wa goblini wa kijivu na kila nikiuona nasikia kuchoka. Kitu ilinisaidia ni game ingine, Kings of War ya kampuni ya Mantic, hao pia ni watu wa huko Nottingham, kwa hiyo game kikosi ni kitu kimoja hautoi mtu mmoja mmoja, unahesabu tu madhara mpaka kivunjike. So unaweza gundisha goblini kwa kitako kimoja kikubwa, uache nafasi, uweke mti, uweke mwamba, mmoja ameanguka, wawili wanapigania kuku. Badala ya mia na ishirini nilipaka sabini na inapendeza zaidi.

Resini mbichi isikuguse ngozi maze, mimi nilikuwa naosha bila glavu na mikono ilitoka vipele wiki mbili. Glavu, maski, dirisha wazi, na usiweke hio mashine chumba ya kulala.

Maskati_Jua

Naongezea hapo kwa resini. Nipo Muscat, niliacha sanduku la jeshi kwenye gari mwezi wa Julai nikaenda kuswali na kula, narudi mikuki yote imelala kama majani ya mnazi. Usitupe. Chovya kwenye maji ya moto si ya kuchemka sana, nyoosha kwa vidole, papo hapo ingiza kwenye maji ya barafu, inashika umbo. Rangi yangu ilibaki nzima isipokuwa kwa visanamu viwili.

MifupaMitupu

Nasoma huu uzi kwenye basi natabasamu peke yangu. Bandari mkuu nakuomba uniwekee nyuzi za makumbi, mdogo wangu anakuja mwezi wa kumi na mbili kupitia Mombasa, nataka wale wafalme wangu wasimame kwenye nyasi za kwetu. Na wewe wa Rongai wale wanaopigania kuku tuwaone.

Dada wa piko, nina swali, mimi nikichora mstari mwembamba unakatika katikati au unavuja pembeni, kila mara. Rangi nzito ndo inakatika au?

Piko_na_Brashi

Ndiyo kaka, nzito. Ongeza maji tone moja moja mpaka iwe kama maziwa, pakua kwenye brashi, halafu gusa tambara ili ubaki unyevu tu. Usivute kwa vidole, egemeza kiganja chako kwenye meza na kisanamu ukishike kwa mkono mwingine viganja vigusane, uvute kwa mkono mzima kuelekea kwako. Na kabla hujagusa ngao chora kwanza kwenye ukucha wa gumba lako. Ukiona mstari umekaa kwenye ukucha bila kutambaa, hapo hapo nenda, usingoje, maana unakauka.