Mrejesho: taa za vifuu, Mikindani

Ndugu zangu, niliwauliza nifanyeje sebule yangu iache kuumiza macho kwa ile balbu moja nyeupe ya darini. Mkaniambia nitengeneze taa za vifuu vya nazi. Nimetengeneza tatu, asanteni sana!

Kazi kubwa ni kukwangua nyuzi. Nililoweka vifuu usiku kucha, nikakwangua kwa kisu, nikamalizia na msasa. Matundu nilitoboa kwa drili, biti ya milimita 3. Anzeni taratibu bila kukandamiza. Changu cha kwanza kilipasuka. Kisha nikapaka mafuta ya nazi, vikang'aa kama mpingo.

Ndani nimeweka balbu za LED za wati 3, mwanga wa njano, kelvini 2700 (kipimo cha rangi ya mwanga). Msiweke zile za zamani za waya, zinachemka mno na kifuu kinaweza kuungua. Waya alifunga fundi umeme, hapo sikujaribu mwenyewe.

Jana tumewasha. Ukutani matundu yametapakaa kama nyota, na mama, ambaye alikuwa akiwashia vifuu moto jikoni, sasa ananiwekea.