Kunyunyizia rangi katika kolonoskopi: je, kamera pekee haitoshi?

Swali
Nina kolaitisi ya vidonda, yaani ugonjwa wa kudumu wa uvimbe na vidonda katika utumbo mpana, kwa mwaka wa 10 sasa. Katika vipimo vilivyopita vya kolonoskopi (kuangalia utumbo mpana kwa kamera) daktari alitumia kamera tu, akachukua vinyama vingi vya kupima, vinne kila baada ya sentimita 10. Safari hii anataka kunyunyizia rangi ya buluu ndani ya utumbo mpana. Rangi hiyo inaonyesha kitu gani ambacho jicho halikioni?

Jibu la 1
Pole kwa safari ndefu ya ugonjwa, ndugu. Nimehudumu miaka mingi katika chumba cha endoskopi, na nakuomba usiihofu rangi hiyo. Kwa mwenye kolaitisi, seli zinazoelekea kuwa saratani mara nyingi hazioti kama uvimbe wenye shina, bali hutanda bapa juu ya utando uliokwisha kuachwa na makovu, hivyo huweza kupitwa hata na daktari makini. Rangi zinazotumika ni mbili. Indigo kamini haifyonzwi na seli. Hutuama katika vijifereji vya utando, na mahali ambapo mpangilio wake umevurugika kingo zake hujitokeza wazi. Methilini bluu, kinyume chake, hufyonzwa na seli zenyewe, na inaweza kubadilisha rangi ya mkojo kwa muda. Mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, amweleze daktari mapema. Vinyama huchukuliwa pale palipotiliwa shaka, badala ya kubahatisha.

Jibu la 2
Naongeza kwamba mwafaka wa kimataifa wa wataalamu uitwao SCENIC, kuhusu uchunguzi wa wenye kolaitisi, uliotolewa mwaka 2015, ulisisitiza rangi hasa pale kamera inapokuwa ya zamani. Kwa kamera zenye picha angavu zaidi pendekezo lilikuwa la tahadhari. Upo pia mwanga maalumu wa kamera wenye mawimbi machache tu, ya urefu wa nanomita 415 na 540, ambao himoglobini, kitu chekundu katika damu, huufyonza, mishipa midogo ya damu ikaonekana kwa rangi iliyokoza. Unawashwa kwa kitufe tu, lakini kwa kolaitisi haujaonyesha kuizidi rangi.

Muulizaji
Ahsanteni sana. Bado naharisha damu kidogo. Je, niendelee na tarehe niliyopewa?

Jibu la 1
Mpigie daktari wako leo, ndugu yangu. Ugonjwa ukiwa mkali na utumbo umevimba, seli zilizochokozwa hufanana mno na zile tunazozitafuta, kwa hiyo uchunguzi wa aina hii hufanywa ugonjwa ukiwa umetulia. Siku ikifika, maliza dawa yote ya kusafisha tumbo, kwa sababu rangi ikimwagwa juu ya uchafu haionyeshi chochote.