Asidi ya foliki kabla ya ujauzito: aliyewahi kujifungua mtoto mwenye mgongo wazi ameze kiasi gani?

Wifi_wa_Nyakato
Wakuu, habari za majukumu. Naombea ushauri wifi yangu, umri miaka 29. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa na mgongo wazi (uti wa mgongo haukufunga akiwa tumboni), na sasa wanataka mwingine. Ana kijiti cha uzazi wa mpango, anapanga kukitoa mwezi ujao. Duka la dawa wanauza vidonge vya foliki (aina ya vitamini B) vya 5 mg. Wapo wanaomwambia FEFO za kliniki (vidonge vya madini chuma na foliki kwa pamoja) zinatosha, wengine wanasema ale mchicha na maharage tu. Aanze lini, ameze kiasi gani, na nini kinaweza kuharibu kazi ya dawa?

MkungaMstaafu
Dada, la kwanza kabisa: kijiti kisitoke mwezi ujao. Kikishatolewa, uwezo wa kushika mimba hurudi upesi sana, si kama sindano ambayo inaweza kumchelewesha mtu miezi mingi. Aanze foliki kwanza huku kijiti kikiwa bado mkononi, ameze miezi mitatu, ndipo akitoe. Ikishindikana, isipungue mwezi mmoja.

Kuanza mapema hivyo kuna sababu. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe. Chukua mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28. Mimba inatungwa karibu na siku ya 14, wiki mbili baadaye anakosa hedhi, na wiki mbili nyingine zikipita mfereji umeshafunga au umeshashindwa kufunga. Wengi wakati huo ndiyo kwanza wananunua kipimo cha mkojo. Anayefika kliniki na mimba ya miezi minne akapewa FEFO, inamsaidia damu, lakini kwa mgongo wa mtoto muda umeshapita. Nasisitiza hili kwa sababu akina mama wengi hujilaumu kwamba walimeza dawa zote walizopewa na bado mtoto akazaliwa hivyo. Hawakukosea wao, dawa ndiyo iliyowafikia ikiwa imechelewa.

Kipimo: mwanamke asiye na historia ya mtoto wa namna hii anatoshwa na 0.4 mg kila siku hadi wiki ya 12. Wifi yako hayumo kundi hilo. Utafiti mkubwa uliotangazwa Uingereza mwaka 1991 ulifuatilia akina mama waliokwishapata mtoto wa namna hii, wakapewa 4 mg kwa siku, na kujirudia kwa tatizo kukapungua kwa asilimia 72. Kwa kuwa vidonge vya 4 mg ni adimu, kwa kawaida daktari humwandikia cha 5 mg, kimoja kwa siku, tangu kabla ya mimba hadi wiki ya 12. Asilimia 72 si 100, kwa hiyo kipimo cha ultrasaundi kati ya wiki ya 18 na 22 asikikose.

Mfamasia_Moro
Naongezea kwenye dawa, maana hapa ndipo watu wanapoumia.

Asijaribu kufikisha 4 mg kwa kurundika FEFO. Kidonge kimoja kina takriban 60 mg za madini chuma, na foliki yake ni 0.25 au 0.4 mg kutegemea aina. Kumi kwa siku ni 600 mg za chuma, hiyo ni sumu. Multivitamini nazo hivyo hivyo: akizidisha vidonge anazidisha vitamini A ya retinoli, ambayo kwa wingi huharibu maumbile ya mtoto. Anunue foliki tupu.

Aseme dawa zote anazotumia. Valproeti na kabamazepini za kifafa huongeza hatari ya mgongo wazi, ila ASIZIACHE mwenyewe, degedege nalo linaua. Daktari atabadilisha kabla ya mimba. Septrini, dawa ya kuua bakteria, pia hupingana na foliki mwilini.

Halafu SP ya kukinga malaria. Foliki ya 5 mg hudhoofisha SP. Bahati nzuri ratiba hazigongani: SP huanza wiki ya 13, na 5 mg inaishia wiki ya 12. Hapo ashuke kwenye foliki kidogo iliyo ndani ya FEFO. Mwenye seli mundu anayeendelea na 5 mg amwambie muuguzi kabla ya kumezeshwa SP.

LisheKwanza
Mchicha, kunde, maharage na maini vina foliki, sibishi. Ila foliki ya chakula huyeyuka kwenye maji na huharibika kwa moto. Mchicha uliochemshwa nusu saa na maji yakamwagwa umeshapoteza sehemu kubwa. Pika dakika chache, kwa maji kidogo, na mchuzi uliwe. Hata hivyo sahani haiwezi kumfikisha 4 mg. Maini nayo, akishaanza kutafuta mimba, ayaache, kwa retinoli ile aliyoitaja mfamasia.

Unga wa viwanda vikubwa huongezwa foliki, asome mfuko. Dona la mashine ya mtaani halina nyongeza hiyo.

FEFO akianza, asimeze na chai: saa moja kabla au mbili baada. Chungwa linasaidia chuma kuingia, na udongo wa kula unakizuia. Choo kikiwa cheusi asiogope.

Na apime sukari kabla ya kutoa kijiti. Kisukari kisichodhibitiwa na uzito uliozidi sana huongeza hatari hii hata kwa anayemeza foliki.

Wifi_wa_Nyakato
Asanteni sana, kijiti kinabaki kwanza. Swali la mwisho: jirani ana mtoto wa kichwa kikubwa, mgongo mzima. Naye foliki ingemkinga?

MkungaMstaafu
Inategemea chanzo, dada. Kichwa kikubwa kinachoambatana na mgongo wazi, ndiyo, foliki ina nafasi. Lakini Afrika Mashariki wengi wa watoto wenye tatizo hili huzaliwa na kichwa cha kawaida, kisha wanapata maambukizi ya ubongo wiki za mwanzo, maji yanajaa kichwani. Hapo kinga ni kitovu kisafi kisichopakwa kitu cha mtaani, na mtoto mchanga mwenye homa au anayegoma kunyonya apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Jirani ampeleke mtoto wake akapimwe mzunguko wa kichwa sasa, kabla shinikizo halijagusa macho.